Chumba Kimoja, Nyuso Chache: Filamu na Vipindi vya Zamani Sebuleni

Filamu na vipindi vya televisheni vilivyotengenezwa, hasa Marekani, kati ya miaka ya 1950 na 1970 havikuzeeka kwa mwendo mmoja. Filamu ya mwaka 1962 iliyowaacha watu midomo wazi ukumbini inaweza kumchosha mtu aliyejinyoosha kwenye kochi lake, ilhali mchezo wa nusu saa uliopigwa kwa siku chache na kwa pesa za kubana, wenye waigizaji watano na kuta za mbao, humfanya asahau chai yake mpaka ikapoa. Tofauti hiyo hutokana zaidi na ukubwa wa mahali ambapo kazi ilikusudiwa kuonekana. Kazi iliyotungwa kwa nafasi finyu, ikaegemea uso, sauti na maneno, huingia sebuleni ikiwa nzima. Iliyotungwa kwa skrini yenye upana wa jengo huingia ikiwa imepunjwa. Kipimo hiki kina mapungufu yake, lakini hueleza mambo mengi ambayo mtazamaji wa nyumbani huyahisi bila kujua sababu.

Chimbuko la kazi za nafasi finyu ni michezo iliyorushwa mubashara kutoka studio za New York tangu mwisho wa miaka ya 1940. Mashirika ya NBC na CBS yalikuwa na mifululizo kama Kraft Television Theatre, Studio One na Goodyear Television Playhouse, na karibu kila wiki kila mfululizo ulileta hadithi mpya yenye watu wapya. Mwigizaji aliyesahau maneno yake aliyasahau mbele ya nchi nzima. Kamera zilikuwa nzito, studio zilikuwa ndogo, na seti za nyumbani zilikuwa na skrini ndogo zenye picha ya ukungu, hivyo vita, umati na mandhari ya milima vilikuwa nje ya uwezo. Waandishi wakabaki na watu wachache, meza, mlango na ugomvi.

Mfano mzuri ni Marty, mchezo wa Paddy Chayefsky uliorushwa Mei 24, 1953. Mhusika wake ni muuza nyama wa mtaa wa Bronx, mwanamume wa makamo, mnene, mpole, anayeulizwa na kila mteja na kila ndugu ataoa lini. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa uzito wa swali hilo. Rod Steiger alimwigiza kwenye televisheni. Mwaka 1955 mwongozaji yuleyule, Delbert Mann, akaitengeneza kuwa filamu na kumpa Ernest Borgnine nafasi hiyo. Filamu ikanyakua tuzo nne za Oscar, ikiwemo ya filamu bora, pamoja na tuzo kuu ya tamasha la Cannes. Zote mbili bado zinatazamika, ila hazifanani ladha. Marty wa Steiger ana donda lililo wazi, na mtazamaji hupata shida kumkazia macho anapomweleza mama yake kwamba amechoka kukataliwa. Wa Borgnine ana uchangamfu, na ndiye anayefaa kutazamwa mara ya pili na ya tatu. Palipo bora katika zote mbili ni pale Marty na rafiki yake wanapokaa wakirushiana swali la waende wapi jioni hiyo, na hakuna mwenye jibu. Hakuna kinachotokea, na upweke wa watu wawili umeshaelezwa.

Kwamba mchezo uliorushwa mubashara bado upo ni bahati. Kabla ya kampuni ya Ampex kuleta mkanda wa video mwaka 1956, njia ya kuuhifadhi ilikuwa kuelekeza kamera ya filamu kwenye skrini ya televisheni na kuipiga picha. Nakala hizo, zinazoitwa kineskopu, zina mikwaruzo na weupe unaomwagika pembeni mwa nyuso. Anayezitazama leo anapaswa kuvumilia dakika tano za kwanza. Baada ya hapo jicho huzoea.

Kazi kuu iliyotoka kwenye studio hizo ni ya Reginald Rose. Mwaka 1954 aliitwa kuwa mmoja wa raia 12 wanaosikiliza kesi mahakamani, watu walio karibu zaidi na wazee wa baraza wa mahakama za Afrika Mashariki, isipokuwa huko uamuzi wao ndio unaotia mtu hatiani au kumwachia. Kutokana na hayo aliandika Twelve Angry Men, mchezo wa saa moja uliorushwa na Studio One Septemba 20, 1954. Miaka mitatu baadaye ukawa filamu ya dakika 96, 12 Angry Men, ikiongozwa na Sidney Lumet, kijana aliyelelewa na televisheni na ambaye hakuwahi kuongoza filamu ya sinema kabla ya hapo. Mwigizaji mkuu, Henry Fonda, alikuwa pia mtayarishaji pamoja na Rose.

Hadithi ni nyepesi kuieleza. Kijana wa miaka 18 anashtakiwa kumchoma kisu baba yake. Raia 12 wanaingia kwenye chumba cha mashauri siku ya joto kali. Akitiwa hatiani, atauawa. Kura ya kwanza ni 11 kwa mmoja. Huyo mmoja hasemi kwamba kijana hana hatia. Anasema tu kwamba maisha ya mtu hayastahili kuamuliwa kwa dakika tano. Karibu filamu nzima inapita ndani ya chumba hicho, na wahusika hawana majina. Wawili tu wanaambiana majina yao mwishoni, nje, kwenye ngazi za mahakama.

Mtazamaji wa kawaida huondoka akisifu maneno. Sifa hiyo ni halali, lakini nusu ya kazi imefanywa na kamera, na hapa ndipo inafaa kuitazama filamu hii mara mbili. Lumet na mpigapicha wake Boris Kaufman walianza kwa kuiweka kamera juu ya usawa wa macho, na lenzi pana inayoonyesha chumba chote na hewa iliyomo. Katikati ya filamu kamera ikashuka hadi usawa wa macho. Katika theluthi ya mwisho ikashuka chini zaidi, dari ikaanza kuonekana, na lenzi ndefu zikazisogeza kuta karibu na migongo ya watu. Chumba ni kilekile, ila mtazamaji anahisi kinabana. Feni ya ukutani inakataa kuzunguka, mashati yanalowa, kisha mvua inapiga madirisha. Mmoja wao tu, mtu wa biashara ya hisa anayeigizwa na E. G. Marshall, anakaa na koti lake bila kutoa jasho, na filamu inamsubiri kwa subira mpaka swali kuhusu alama za miwani puani limpate.

Tukio moja linastahili kuangaliwa kwa karibu zaidi. Mzee mwenye mafua, anayeigizwa na Ed Begley, anaanza kuwatukana watu wa mitaa ya maskini, kabila la kijana yule, damu yao, ulevi wao. Mmoja anainuka mezani na kumpa mgongo. Wa pili anafuata, kisha wa tatu, mpaka mzee anabaki akihubiri mbele ya viti vitupu na sauti inamfia kooni. Hakuna muziki. Hakuna anayemjibu hoja kwa hoja. Televisheni na sinema za leo zingempa mtu hotuba ya kumshinda. Rose na Lumet waliona kwamba aibu inatosha.

Filamu ina dosari, na wanasheria huitaja mara kwa mara. Mhusika wa Fonda anatoka kivyake kwenda kununua kisu kinachofanana na kile cha ushahidi, kisha anakichomeka mezani mbele ya wenzake. Mjumbe halisi akifanya hivyo, anaharibu kesi. Tena hoja zake nyingi zinaonyesha kwamba mashahidi huenda walikosea, bila kuthibitisha kwamba walikosea, na mtazamaji akizimeza zote bila kutafuna atatoka akiamini kijana hana hatia, jambo ambalo filamu yenyewe haikulisema. Ilipotoka haikuingiza pesa nyingi, na kwenye Oscar ilishindwa na The Bridge on the River Kwai. Leo inatazamika vizuri zaidi nyumbani kuliko mshindi wake. Sababu ni ileile ya nafasi: daraja la mto Kwai lilijengwa kwa ajili ya skrini kubwa, na meza ya watu 12 inaenea popote.

Alfred Hitchcock alifika kwenye chumba kimoja kwa njia yake. Rope ya mwaka 1948 ni jaribio la kupiga filamu nzima kana kwamba haijakatwa, kila kipande kikienda hadi kama dakika 10, kiasi ambacho kamera iliweza kubeba. Vijana wawili wamemuua mwenzao, wamemficha kwenye kasha, na wanaandaa chakula cha wageni juu ya kasha hilohilo. Wazo linatisha, utekelezaji unachosha. Mtazamaji huishia kuvizia ni lini kamera itajificha nyuma ya mgongo wa koti ili fundi abadilishe filamu. Rear Window ya 1954 ni habari nyingine. Mpigapicha aliyevunjika mguu, James Stewart, amekaa dirishani akiwachungulia majirani, na Hitchcock alijengewa studioni uwanja wenye nyumba 31 za kupanga. Filamu hii inamhusu mtu aliyekaa kwenye kiti akitazama maisha ya wengine kwenye madirisha ya mraba, akishindwa kuinuka na kuingilia. Mwenye rimoti mkononi atajiona mwenyewe humo ndani, na ndiyo sababu inapendeza zaidi nyumbani kuliko ukumbini.

Mwaka 1955 Hitchcock aliingia kwenye televisheni kwa mfululizo wa Alfred Hitchcock Presents. Vipindi vyake vingi ni vya wastani, hadithi yenye kiungo kimoja cha mwisho. Kile cha Lamb to the Slaughter, kilichorushwa Aprili 1958 kwa hadithi ya Roald Dahl, ndicho kinachopaswa kutafutwa kwanza. Mke mjamzito anaambiwa na mumewe, ofisa wa polisi, kwamba anaachwa. Anampiga kichwani kwa paja la kondoo lililoganda kwenye friza, kisha analitia kwenye oveni. Askari wanakuja kupeleleza, wanatafuta silaha nyumba nzima, na usiku ukiwa mkubwa mama mwenye nyumba anawakaribisha mezani. Barbara Bel Geddes anaigiza bila kuongeza chumvi hata kidogo. Tabasamu lake la mwisho linakuja wakati askari wanatafuna ushahidi.

Uzoefu huo wa haraka na bei nafuu ndio uliozaa Psycho mwaka 1960. Hitchcock alitumia mafundi wa kipindi chake cha televisheni, akapiga kwa rangi nyeusi na nyeupe, kwa gharama ya takriban dola 800,000, kiasi kidogo kwa mtu wa jina lake. Tukio la bafuni linachukua chini ya dakika moja kwenye skrini na lilipigwa kwa siku 7. Damu yake ni sharubati ya chokoleti. Watu walishasimuliwa sana tukio hilo, kwa hiyo mtazamaji wa leo hushangazwa zaidi na nusu saa ya kwanza: mwanamke mwenye pesa za wizi kwenye bahasha, polisi wa barabarani mwenye miwani myeusi, mvua kwenye kioo cha gari. Kinachoharibu ni hotuba ya daktari wa akili karibu na mwisho, anayeeleza kila kitu kama mwalimu wa zamu. Ingekatwa, hakuna ambacho kingepungua.

Katika televisheni yenyewe, mfululizo uliotumia nafasi finyu kwa akili kubwa zaidi ni The Twilight Zone wa Rod Serling, uliorushwa na CBS kuanzia Oktoba 2, 1959 hadi Juni 1964, vipindi 156. Serling alikuwa askari wa miavuli katika Vita vya Pili vya Dunia, kisha mwandishi wa michezo ya mubashara, na huko alichoshwa na wadhamini. Mchezo alioutunga kutokana na mauaji ya Emmett Till, kijana mweusi aliyeuawa Mississippi mwaka 1955, ulipita kwenye mikono ya wenye matangazo ukatoka haujulikani. Haikuwa kwake peke yake. Aprili 1959 mchezo wa mfululizo wa Playhouse 90 kuhusu kesi za Wanazi mjini Nuremberg ulinyamazishwa sauti kila gesi ya mauaji ilipotajwa, kwa kuwa mdhamini alikuwa chama cha kampuni za gesi. Serling akagundua kwamba mdhamini anayeogopa kumwona Mmarekani mbaguzi hana neno akimwona kiumbe wa sayari nyingine mbaguzi. Akahamishia hoja zake huko.

The Monsters Are Due on Maple Street, cha Machi 1960, ndicho mfano mkubwa. Umeme unakatika mtaani, magari yanagoma, na mtoto mmoja aliyesoma vitabu vya hadithi anasema huenda miongoni mwa majirani kuna mgeni kutoka angani. Jua likizama, watu wema waliokuwa wakipalilia bustani wanahesabiana dhambi: huyu hutazama anga usiku wa manane, yule ana redio aliyoijenga mwenyewe. Gari la mmoja linawaka lenyewe, na linakuwa ushahidi. Mpaka hapo kipindi hakina mfano. Kisha Serling anawaleta wageni wa angani kweli, juu ya kilima, waeleze mpango wao. Kingeishia mtaani, mawe yakirushwa gizani, kingekuwa kikali zaidi.

Eye of the Beholder, cha Novemba 1960, kinaonyesha jinsi ufinyu unavyoweza kuwa mali. Mwanamke amelazwa hospitali, kichwa chote kimefungwa bandeji. Amefanyiwa matibabu mara 11 ili uso wake ufanane na wa watu wengine, na hii ndiyo nafasi yake ya mwisho. Kwa karibu kipindi kizima mtazamaji hauoni uso wa mtu yeyote. Mwongozaji Douglas Heyes na mpigapicha George T. Clemens wanawapitisha madaktari na wauguzi kwenye vivuli, nyuma ya mapazia, kwa mgongo, au moshi wa sigara ukiwafunika, na hayo yote yamefanywa kwa utaratibu hivi kwamba anayetazama mara ya kwanza haoni hila. Anasikia sauti tu, na sauti ni za upole. Bandeji zinapofunguliwa, uso ni wa Donna Douglas, mrembo kwa kila hali, na madaktari wanaruka nyuma kwa kitisho. Taa zinawamulika wenyewe, nao wana pua za nguruwe. Anayekijua tayari kiini hicho hapotezi kitu. Mara ya pili mtu hutazama ufundi wa vivuli, na husikia vizuri hotuba ya kiongozi wa nchi kwenye televisheni ya wodini, akidai watu wote wawe wa namna moja.

Time Enough at Last, cha mwaka 1959, kinapendwa kuliko kinavyostahili. Karani wa benki mwenye miwani minene, Burgess Meredith, anazuiwa kusoma na mkewe na bosi wake. Bomu la nyuklia linamkuta amejifungia kwenye chumba cha kuhifadhia pesa, anatoka akiwa peke yake duniani, anaikuta maktaba, anapanga vitabu vya miaka kadhaa mbele, na miwani inaanguka. Meredith ni wa ajabu. Lakini adhabu hiyo inampata mtu ambaye kosa lake ni kupenda kusoma, na kipindi hakionekani kujua kinamcheka nani. The Invaders, cha 1961, ni kinyume chake: Agnes Moorehead anapigana na wavamizi wadogo kwenye kibanda chake bila kutamka neno moja kwa kipindi chote, na hata wavamizi wenyewe wakionekana wazi kuwa vidoli vya mpira, mwili wake unamfanya mtazamaji aamini. Hali ileile ipo kwenye Nightmare at 20,000 Feet cha 1963. Zimwi lililo kwenye bawa la ndege ni mtu aliyevaa manyoya, na watoto wa leo hulicheka. Hofu ipo kwenye jasho la William Shatner, abiria aliyewahi kuugua akili, ambaye akisema ukweli atarudishwa hospitali.

Si vyote vya kutazamwa. Msimu wa nne, wa mwaka 1963, ulirefushwa hadi saa nzima, vipindi 18, na karibu kila kimoja ni wazo la nusu saa lililoongezwa maji. Vipindi vya vichekesho vya Serling vinaweza kurukwa vyote bila hasara. Vile sita vya msimu wa pili vilivyorekodiwa kwa mkanda wa video ili kupunguza gharama vina mwanga bapa na sauti ya studio, ingawa wachache hutetea vile vyenye hadithi nzuri.

Columbo ni tunda la baadaye la mti huohuo. Richard Levinson na William Link walimtoa mpelelezi wao kwenye jukwaa la maigizo. Peter Falk alimwigiza mara ya kwanza mwaka 1968, na mfululizo ukaanza NBC Septemba 15, 1971 kwa Murder by the Book, kipindi kilichoongozwa na Steven Spielberg akiwa na umri wa miaka 24. Muuaji anajulikana tangu mwanzo. Swali linabaki jinsi atakavyonaswa, kwa hiyo kila kitu kinategemea watu wawili wakizungumza kwenye chumba kizuri cha mmoja wao. Karibu wauaji wote ni matajiri, wasomi au watu mashuhuri, na wanayempuuza ni askari mwenye koti la mvua lililochakaa, koti la Falk mwenyewe, na gari kuukuu la Peugeot 403. Anaomba kalamu, anamtaja mkewe, anaaga, anafika mlangoni, anageuka akiwa na swali moja dogo. Kwa watu waliowahi kuona mkubwa akimdharau mdogo ofisini, starehe yake haihitaji tafsiri.

Kilicho bora ni Any Old Port in a Storm cha 1973, ambamo Donald Pleasence anaigiza mtengeneza mvinyo anayemuua mdogo wake ili shamba lisiuzwe. Mpelelezi anajifunza mvinyo ili amkamate, na mwishoni wanakunywa pamoja garini, wakiwa wanaheshimiana. Vipindi vilivyovutwa hadi muda wa saa mbili, matangazo yakiwemo, mara nyingi huwa na mandhari ya barabara na magari yasiyo na kazi, na vile vya ABC kuanzia 1989 vimepoteza makali, ingawa Falk hakuacha kupendeza.

Kwa upande wa vichekesho, I Love Lucy ya 1951 hadi 1957 inatosha kutajwa kwa jambo moja la kiufundi lenye matokeo makubwa. Lucille Ball na mumewe Desi Arnaz walikataa kuhamia New York na kurushwa mubashara. Walipiga kwa filamu ya milimita 35, kamera tatu kwa pamoja, mbele ya watazamaji, na mpigapicha wao alikuwa Karl Freund, Mjerumani aliyewahi kupiga Metropolis. Walikubali kupunguziwa malipo ili filamu ziwe mali yao. Ndiyo maana tukio la mwaka 1952 la Lucy na mwenzake wakishindwa na mkanda wa kiwanda cha chokoleti, wakizijaza mdomoni na kifuani, linaonekana safi leo kuliko michezo mingi mizito ya enzi ile. Mzaha kuhusu mume anayemdhibiti mkewe matumizi ya pesa umechuja vibaya, na hakuna haja ya kujifanya unachekesha.

Upande wa pili wa kipimo unaonekana kwenye Lawrence of Arabia ya David Lean, 1962. Ilipigwa kwa filamu pana ya milimita 65 na inazidi saa tatu na nusu. Omar Sharif anaingia akiwa nukta nyeusi kwenye mazigazi ya jangwa, na nukta hiyo inachukua muda mrefu kuwa mpanda ngamia. Ukumbini macho elfu yanaitafuta nukta. Sebuleni, kwenye skrini ya wastani, haionekani kabisa, na mtazamaji hudhani picha imekwama. Filamu haina kosa, ila haikutengenezewa kochi.

Mengine huharibiwa na vyombo vya nyumbani vyenyewe. Kazi za televisheni za zamani zina picha ya uwiano wa 4 kwa 3, karibu na mraba. Seti za leo ni ndefu kwa upana, na anayezivuta picha zijaze skrini anawanenepesha waigizaji, na anayezikuza anawakata vichwa. Michirizi myeusi pembeni iachwe ilipo. Seti nyingi mpya pia huja na mpangilio wa kulainisha mwendo, unaoongeza picha za kubuni kati ya zile 24 za kila sekunde, na filamu ikaonekana kama tamthilia ya mchana; huo uzimwe kwenye menyu. Kuhusu kuzipaka rangi filamu nyeusi na nyeupe, mtindo ulioshika kasi miaka ya 1980, mahakama kuu ya rufaa ya Ufaransa ilikwisha toa neno mwaka 1991, ilipowaunga mkono warithi wa John Huston dhidi ya kuonyeshwa kwa The Asphalt Jungle iliyopakwa rangi. Vivuli vya Clemens vikitiwa rangi, Eye of the Beholder imekufa.

Kwa mtazamaji wa Afrika Mashariki lipo pia suala la lugha. Filamu zinazosimuliwa kwa Kiswahili kwenye vibanda umiza na kwenye kanda za mitaani huwa hasa za mapigano na za Kihindi, ambamo msimulizi ana nafasi ya kupenya kati ya ngumi. Kazi ya chumba kimoja imejaa maneno kuanzia mwanzo hadi mwisho, na msimulizi hukosa pa kuingilia. Nakala yenye maandishi chini ya picha ndiyo yenye kufaa, hata kwa wanaojua Kiingereza vizuri, maana watu wa Lumet huzungumza wote kwa pamoja.

Kazi nyingi za aina hii hazipo tena za kutolewa maoni. Televisheni ya Uingereza ilifuta na kutumia upya mikanda yake katika miaka ya 1960 na 1970, kwa kuwa mkanda ulikuwa ghali, mikataba ya waigizaji ilizuia marudio mengi, na baada ya rangi kuingia hakuna aliyetaka kununua nyeusi na nyeupe. Zaidi ya vipindi 90 vya Doctor Who vya BBC havijapatikana. Vilivyookolewa vilitoka kwa sehemu kubwa kwenye nakala za filamu zilizouzwa nje, na vituo vya Afrika, Kenya na Uganda vikiwemo, vilikuwa miongoni mwa wanunuzi. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba vipindi 9 vilivyodhaniwa kupotea vimekutwa kwenye kituo cha televisheni mjini Jos, Nigeria, vikiwa ndani ya makopo yao. Anayesimamia stoo ya kituo chochote cha zamani asome lebo za makopo kabla ya kuita gari la taka.